Nkambo Wangu Ana Miaka Kumi na Mitano, na Siwezi Kumnyang'anya Mpira

Mama Angèle mpendwa, nakuandikia hapa gazetini kwa heshima zote, na ninakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana kila niliyejaribu kumweleza jambo hili alicheka kwanza, kisha akaniambia niende kwa mchungaji, na mimi naona jambo langu si la mchungaji, ni la mpira wa kikapu.

Naitwa Naomie, jina la ukoo tafadhali ulifiche, nasoma mwaka wa pili wa humanités, sekondari ya juu, hapa Kolwezi, na tangu utoto mimi ni mrefu, mrefu wa kuchosha watu, shule ya msingi waliniita poteau, yaani nguzo, na nilipofika shule hii mwalimu wetu wa michezo, Tata Modeste, ambaye sote tunamwita coach, aliniona kwenye mstari wa asubuhi, akanipima kwa macho kuanzia viatu hadi kichwa, akasema, "Weye, ukuye ku terrain leo, na usiniulize juu ya nini." Nikaenda uwanjani, na mama, tangu siku ile nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, kwa sababu pale ni mahali pa kwanza ambapo urefu wangu unafaa kitu kingine zaidi ya kushusha masufuria juu ya kabati. Wenzangu wananipenda, wananisukia nywele kabla ya mechi hata kama inajulikana sitaingia, na mpira ukipita kwenye kikapu chetu kisicho na wavu mimi napiga kelele kuliko aliyefunga.

Lakini kucheza sijui, nakuambia ukweli. Nikidundisha mpira macho yanaufuata chini kama mtu aliyepoteza ufunguo, mkono wa kushoto ni kama wa kuazima, na ile double-pas, kukimbia hatua mbili na kurusha, miguu yangu haikubaliani hata siku moja ni upi uanze. Kwa hayo coach hakasiriki, anasema anayeanza ndio anaanza. Kinachomkasirisha ni kimoja tu, ni kuzuia, na hapo ndipo penye siri yangu.

Coach hutupanga wawili wawili, mmoja anadundisha, mwingine anajaribu kuuchukua, na mimi alinipanga na Myriam kwa sababu tunakaa parcelle moja, ua mmoja, akawaza tutaendelea na mazoezi nyumbani. Myriam ni mtoto wa shangazi yangu, ni mdogo kwangu, mfupi, mwepesi wa miguu, ana miaka kumi na mitano. Na ndiye nkambo wangu, yaani bibi yangu.

Wewe ni wa huku, unanielewa, ila nieleze kwa ajili ya wasomaji wengine. Sisi ni Baluba wa kaskazini, mama mzazi wa baba yangu aliitwa Mukalay, akafariki kabla Myriam hajazaliwa, na Myriam alipozaliwa akapewa jina hilo, na kwetu mtoto akipewa jina la mtu habebi jina peke yake, anabeba na heshima ya mwenyewe. Baba yangu, Tata Edouard, mtu mzima mwenye ndevu, anayefanya kazi za zamu mgodini kule Kingamyambo, anamwita Myriam "mama", hajawahi kumkaripia, sisi watoto wote tunamwita Nkambo, kiti kizuri ni chake, na nikimpa maji nampa kwa mikono miwili huku nimekunja goti. Sijawahi kuona vibaya, nimekua hivyo, na Nkambo mwenyewe ananipenda.

Sasa niambie, Mama Angèle, mtu niliyempa maji kwa mikono miwili asubuhi, jioni nimnyang'anye mpira vipi?

Mikono inakataa. Nasimama mbele yake, mrefu kama nguzo, anakuja anadundisha, mpira uko hapo hapo naweza kuugusa, na kitu ndani yangu kinasema mwache nkambo apite, naye anapita, anafunga, anarudi akicheka, "Nkambo hawamunyanganye mupira! Utapata laana!" Na coach anapiga kelele kutoka upande wa pili, "Naomie! Unangoja akupe mu mukono? Unazuia sawa mutu eko naomba ruhusa!" Anasema nazuia kama mtu anayeomba ruhusa, bila kujua kwamba ndivyo ilivyo kweli.

Mara moja tu nilijaribu. Baba alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, akapita terrain akiwa bado na kofia yake ya kazi, na mimi nilitaka aone kwamba binti yake si wa kushangilia tu, basi Nkambo alipokuja nikafumba macho nusu, nikanyoosha mkono, na mpira nikaupata! Niliupata, mama, mara ya kwanza katika maisha yangu, wasichana wakapiga kelele, nikaanza kukimbia nao, kumbe bega langu lilimgonga Nkambo, ameanguka kwenye simenti, goti limechubuka, na nyuma yangu nikasikia sauti ya baba, "Naomie! Unaangusha mama yangu?"

Terrain nzima ilikufa kwa kicheko. Hata leo nikipita darasa la jirani wananiuliza, "Weye njo uliangusha mama ya baba yako?" Jioni ile nilipiga magoti mbele ya Myriam, nikaomba msamaha, naye amekaa kwenye kiti kizuri anatafuna karanga, akaniambia, "Nimekusamehe, mujukuu wangu," na baba akaitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa. Baadaye tulipobaki wawili tulicheka mpaka tukalia. Lakini tangu siku hiyo, akija na mpira, mimi nasogea pembeni kabisa.

Na wakati umekwisha, ndiyo maana nakuandikia. Mwisho wa mwezi ni mashindano ya shule kule Lubudi, coach atataja majina karibuni, na ameniambia mbele ya wote, "Urefu itakufikisha ku bus, Naomie. Ku terrain, hapana. Kama hauzuie mutu, utabeba bidon za maji za benzako." Mama, bidon nabeba nyumbani kila siku, siendi Lubudi kubeba zingine. Nataka kucheza. Nalitaka jambo hili mpaka naliota.

Nimefikiri nimwombe coach anibadilishie mtu, lakini itabidi nieleze sababu, maana siku ile alidhani baba anatania tu, na yeye si wa kwetu, atacheka na kuwaambia walimu. Nimefikiri nimdanganye kwamba bega linaniuma. Nimefikiri hata niache timu, nikalia siku hiyo hiyo. Na Nkambo naye simwelewi siku hizi, mazoezini hapotezi mpira, lakini tulipocheza na wasichana wa shule moja ya Dilala walimpokonya kila alipogeuka, akaenda kulia nyuma ya ukuta, na baba akasema mwamuzi ana chuki. Sijui nimsaidie vipi, mimi mwenyewe sijisaidii.

Nifanye nini, Mama Angèle? Na kama unajua lolote juu ya mkono wa kushoto, nalo niambie.

Naomie, anayekuheshimu.

MAMA ANGÈLE ANAJIBU

Naomie, niliahidi moyoni sitacheka, nikajikaza vizuri sana mpaka pale baba yako alipopiga kelele, nikashindwa. Chai ilinipalia, binti yangu akaja kunipiga mgongoni. Sasa nimetulia, nakusikiliza. Jina lako la ukoo nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sijui nani mwingine hapa Kolwezi ni mrefu hivyo na ana nkambo wa miaka kumi na mitano. Jiandae kuulizwa sokoni.

Nianze kwa kukupongeza, kwa sababu mtu akija kwangu na machozi watu husahau kumpongeza. Una heshima, na una kitu unachokipenda mpaka unakiota. Wazazi wengi wanaoniandikia wangetoa mbuzi wapate mtoto mwenye kimoja kati ya hivyo viwili.

Umeniuliza mkono wa kushoto ukidhani unaniuliza utani. Mimi nilicheza shuleni kwa masista, nilikuwa meneuse, yule anayeongoza mchezo, mfupi na mwenye maneno mengi, kwa hiyo kaa usikilize. Mkono wa kushoto hauombewi, unapewa kazi. Fagia nao, songa bukari nao, fungua mlango nao, na ukifika terrain kabla ya wenzako, dundisha mpira kwa kushoto tu mpaka wao wafike. Tumia vidole, si kiganja. Kiganja kinapiga mpira makofi, vidole ndivyo vinavyousikia. Kunja magoti. Ninyi warefu mna tabia ya kusimama wima kana kwamba mnapigwa picha, na mpira ukipanda hadi kifuani mwako kila mwenye mkono atauchukua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe una safari ndefu ya kuinama kuliko wengine, pole sana.

Macho, sasa. Unabeba maji nyumbani, umesema mwenyewe. Ukiwa na beseni limejaa kichwani, unaangalia miguu? Ukiinama kuiangalia si utajimwagia? Unatazama mbele, unajua mbwa yuko wapi, pikipiki inatoka wapi, na miguu inajijua yenyewe. Basi dundisha hivyo hivyo. Anza ukiwa umesimama, kisha tembea, kisha ndio ukimbie. Fanya uani kwenu, palepale kwenye udongo. Najua mpira kwenye vumbi unadunda ovyo, unakwenda unakotaka; ndiyo vizuri, ukiuzoea huko, kwenye simenti utakuwa mtiifu. Na ile double-pas, acha mpira kabisa kwanza. Hatua, hatua, ruka. Kulia, kushoto, ruka, ukitoka upande wa kulia. Fanya ukienda chooni, fanya ukienda kuita watoto kula. Majirani watasema umerogwa, waache. Miguu ikishakubaliana, uipe mpira, na urushe karibu na kikapu, usijaribu kurusha kutoka barabarani kama vijana wanaojionyesha.

Hayo yalikuwa mepesi. Tuje kwenye lako.

Kumdanganya coach, hapana. Bega unalosema linauma utalisahau siku utakaporuka kwa furaha, atakuona, na hapo utakuwa huna timu wala jina. Kuacha timu, usinirudishie neno hilo, umelia mwenyewe ulipolifikiria, machozi yalishakujibu. Na kubadilishiwa mtu, Naomie, hilo ndilo linaloonekana la busara, nami nalikataa kuliko mengine yote. Kwa sababu barua yako nimeisoma mara ya pili, na mtu aliyenitia wasiwasi mara hii hakuwa wewe.

Alikuwa Myriam.

Soma ulichoandika. Mazoezini hapotezi mpira. Kwenye mechi anapokonywa kila akigeuka. Unasema humwelewi? Mwanangu, mtoto huyu anajifunza kucheza dhidi ya mtu anayemwachia njia! Kila jioni anapita, anafunga, anacheka, anaamini kwamba hivyo ndivyo kucheza kulivyo. Hakuna aliyemfundisha kuuficha mpira kwa mwili wake, kwa sababu hajawahi kuuhitaji mwili wake. Kisha wanakuja wasichana wa Dilala ambao bibi yenu hawakumjua, hawakula msibani kwake, hawana habari na jina la Mukalay, wanamnyang'anya mchana kweupe, naye anakwenda kulia nyuma ya ukuta. Mwamuzi alikuwa na chuki? Mwamuzi hana kosa lolote. Aliyempeleka pale bila kinga ni wewe, kwa mapenzi yako na magoti yako. Hapo sikuchekei, hapo nakukaripia.

Heshima si utumwa, na tena si uvivu. Nkambo hapewi maji machafu kwa sababu ni nkambo, anapewa yaliyo safi. Basi na mchezo mpe ulio safi. Ukimzuia kweli kweli, jioni baada ya jioni, atakasirika, atanuna, atakuita majina, kisha ataanza kugeuka vizuri. Wasichana wa Lubudi watamkuta tayari. Na wewe utakuwa umejifunza kuzuia kwa mtu mwepesi kuliko wote mliye naye, jambo ambalo pivot wengi, ninyi warefu wa chini ya kikapu, hawalipati. Coach wenu, bila kujua, aliwapanga vizuri kuliko daktari anavyopanga mifupa.

Lakini najua. Nikuambie "nenda tu ukamnyang'anye", utakwenda, na mikono itakataa tena. Mimi pia ni wa huku, nina mpwa aliyebeba jina la baba yangu, ni mtoto wa kunyonya na bado sipiti mbele yake bila kuinama. Sikwambii mambo haya ni ya kizamani. Wanaosema hivyo, wakiugua, ndio wa kwanza kutafuta jina la babu yao. Dawa ya moto ni moto. Jambo la desturi litatuliwe kwa desturi.

Jioni hii, baba yako akiwa amerudi, mmekula, watu wote wapo, usingoje wageni waondoke kama wapo, nenda mbele ya Myriam kwenye kile kiti chake kizuri. Piga magoti vizuri, siyo yale ya kukunja kidogo. Piga makofi ya heshima, polepole, kama ungempigia mwenyewe Mukalay. Umwambie hivi, kwa sauti ambayo baba yako ataisikia: "Nkambo, ku terrain minaomba ruhusa yako. Niruhusu nikunyanganye mupira, juu upate nguvu, na mi nipate nguvu." Kisha unyamaze. Ungoje.

Mweleze Myriam mapema, asije akaangua kicheko na kuharibu. Na kama ataona raha ya kupitishwa bure ni tamu, asitake kuitoa ruhusa, mkumbushe Dilala, kwa upole, mkiwa wawili. Atatoa. Aliyelia nyuma ya ukuta hataki kurudi kulia huko.

Akishasema ndiyo, limekwisha. Baba yako atafanya nini? Yeye ndiye anayemwita mama! Kama ni mama anapochubuka goti, ni mama pia anapotoa amri. Sijaona mwanaume wa Katanga anayesimama mbele ya watu wa nyumbani kwake kukataa kinywa cha mama yake. Na siku atakapopita tena terrain na kofia yake, akasahau, akainuka kupiga kelele, usijibu wewe, wewe ni mtoto. Mwache Myriam amgeukie amwambie, "Mwanangu, kaa chini." Atakaa. Ningelipa nauli yangu kuja kumwona anavyokaa.

Tata Edouard, najua gazeti hili linafika mpaka kantini za Kingamyambo, na wenzako watakuwa wamekusomea kabla hujavua buti. Hasira yako naielewa. Uliona mama yako ameanguka chini, na mtoto wa kiume mwema huinuka. Lakini geuza shingo kidogo, kuna binti pale pia, naye ni mrefu hivyo kwa sababu yako. Siku ile alitaka umwone. Nenda tena, ukae, umwone.

Na wewe coach Modeste, ambaye si wa kwetu: ukisikia makofi na magoti kabla ya mazoezi, usiulize juu ya nini. Puliza filimbi.

Sasa Naomie, simama. Kesho terrain, Nkambo akija na mpira, usimtazame usoni, huko ndiko huruma yako inakokaa. Mtazame kiunoni, maana kiuno hakijui kudanganya. Songa kwa miguu, si kwa mabega. Bega ndilo lililokuponza mara ya kwanza. Ngoja mpira utoke mkononi mwake ukielekea chini, hapo si wake wala si wako, ni wa mwenye haraka. Nyoosha mkono wako huo mrefu, macho wazi, na uchukue. Mara nyingi utaukosa, na siku utakapoacha kuukosa coach hatahitaji kuambiwa na mtu. Akianguka, mwinue kwa mikono miwili, mpanguse vumbi, muulize kama ameumia, mwombe radhi kama inavyompasa mjukuu.

Lakini mpira, usimrudishie.